Kikundi Kisicho na Sanduku: Raha ya Kuijadili Riwaya Pamoja

Katika wilaya yetu, neno kikundi likitajwa, swali la kwanza huwa juu ya fedha. Watu huuliza hisa moja ni shilingi ngapi, sanduku linalala kwa nani, na funguo zake tatu wamekabidhiwa akina nani. Si ajabu, kwa kuwa vikundi tunavyovifahamu zaidi ni vya kuweka na kukopa, au vile vilivyosajiliwa ili kuomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo Halmashauri huitenga kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa sababu hiyo, kikundi cha wasomaji kinachokutana katika chumba cha maktaba kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa tisa alasiri gulio linapopungua, huwashangaza wengi. Hakina sanduku, hakina hisa, wala hakikopeshi. Wanachama wake huketi saa mbili nzima wakijadili mambo ya watu ambao hawakupata kuishi duniani.

Wananchi kadhaa wametuuliza watu hao wanapata nini. Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo, na kueleza namna wakazi wa kata nyingine wanavyoweza kuanzisha vikundi vya aina hiyo. Mwandishi ni mmoja wa wanachama, kwa hiyo baadhi ya mifano imetoka mezani petu wenyewe.

Msomaji mmoja, riwaya moja

Kusoma peke yako kuna raha yake, na hakuna anayeibeza. Lakini msomaji aliye peke yake, anapokifunga kitabu, hubaki na riwaya moja tu: ile aliyoisoma yeye. Kila mtu hupita ndani ya kitabu kama apitavyo katika kijiji cha ugenini. Mkulima hutazama mashamba, fundi hutazama nyumba zilivyojengwa, na mama mwenye watoto hutazama watoto wa pale wamekula nini. Mwandishi alikwisha kuviweka vyote, ila jicho letu huchagua. Tunapokaa pamoja, kila mmoja huleta kile alichokiona, na riwaya tuliyodhani tumeimaliza huanza upya.

Tulilijua hilo tulipoisoma Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1979. Kitabu hicho kinahusu maisha ya wafanyakazi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Wengi wetu tulikisoma mbio, tukitaka kujua mgomo utafika wapi. Mzee mmoja aliyewahi kubeba mizigo bandarini wakati wa ujana wake alituomba turudi nyuma. Alisimama, akaubandika mkoba wa jirani yake begani, akatuonyesha jinsi mchukuzi anavyotembea juu ya ubao. Hatazami mzigo wake, alisema, bali hutazama visigino vya aliye mbele yake, kwa maana yule akiteleza, wote wawili wameanguka.

"Watu wanaotazamana visigino kutwa nzima hujuana," alitueleza. "Basi mkisoma kwamba waligoma kwa umoja, msidhani ni maneno ya siasa matupu. Umoja ule ulikwisha kuwapo juu ya ubao."

Hapakuwa na mmoja wetu aliyeyafikiri hayo alipokuwa akisoma nyumbani. Wala mzee hakuwa ameyafikiri. Alisema mwenyewe kwamba yalimjia pale mezani, alipomsikia kijana mmoja akiuliza watu maskini hivyo walipata wapi ujasiri wa kuacha kazi. Hii ndiyo raha ya kwanza ya mazungumzo ya riwaya. Swali la mmoja humfungua mwingine, na jibu likipatikana huwa mali ya wote.

Kamusi iliyoketi kitini

Raha ya pili ni ya lugha. Riwaya za Kiswahili zimeandikwa na watu wa sehemu mbalimbali, na kila mmoja amekuja na Kiswahili cha kwao. Msomaji wa bara anayeshika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, au Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, hukutana na maneno ya Visiwani yanayohusu vyombo, mapishi, mavazi na adabu za nyumbani ambayo huenda hajapata kuyasikia. Akiwa peke yake huyaruka. Akiwa kikundini humgeukia mwenzake.

Katika kikundi chetu yumo mama aliyeolewa huku kutoka Pemba. Siku moja neno chano lilizusha ubishi. Mmoja alidhani ni mkeka, mwingine akadhani ni kiti. Mama yule alichukua karatasi, akachora sinia la mti, kisha akaeleza huandaliwa nini juu yake, na wakati wa shughuli hupita mbele ya nani kwanza. Kamusi ingetupa maana ya neno. Yeye alitupa na watu waliolizunguka. Naye, tuliposoma kazi za waandishi wa Kanda ya Ziwa, aliuliza maswali mengi kuliko sisi sote, na zamu ya kueleza ikawa ya wengine. Kwa hiyo hakuna mwanachama aliye mwalimu siku zote, wala aliye mwanafunzi siku zote.

Mazito husemwa kwa jina la mhusika

Raha ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuieleza kwa mtu asiyepata kuionja, nayo ndiyo inayotufanya turudi. Yapo mambo ambayo watu wazima wanaoheshimiana hawawezi kuyasema ana kwa ana: malezi, ulevi, fimbo, ndoa za kulazimishwa, deni lililoivunja familia. Mtu akiyataja, msikilizaji hujiuliza anasemwa nani. Lakini riwaya huwapa watu majina ya kusemea.

Tuliisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971 iliwatia wengi wasiwasi, na kwa muda haikuruhusiwa shuleni. Baadaye ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa. Inamhusu Rosa, binti wa Zakaria na Regina. Baba yake anamchunga kwa ukali, hata barua moja kutoka kwa mvulana inamletea kipigo. Rosa anapofika mahali ambapo jicho la baba halifiki, anashindwa kujiongoza, na mwisho wake ni wa kusikitisha. Mwandishi hamalizi habari kwa kumtaja mwenye kosa akatuacha tulale. Anatuachia kesi.

Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, ndiye aliyeanza. Alisema Zakaria ndiye aliyemponza bintiye.

Baba mmoja mwenye mabinti watatu alikataa. "Mwanangu, wewe bado hujalea," alimwambia. "Binti akiharibikiwa, hakuna jirani atakayekwenda kumwuliza huyo mvulana wa barua. Watakuja kuniuliza mimi."

"Ni kweli, baba," kijana alijibu. "Lakini Rosa naye angemwuliza nani, ikiwa barua tu ilimletea fimbo?"

Chumba kilinyamaza. Kisha mama lishe mmoja, ambaye mikutano miwili ya nyuma hakuwa amesema neno, akanyoosha mkono. "Mnamsema Zakaria peke yake. Regina alikuwamo nyumbani mle. Mimi nataka tumzungumze Regina. Mtu anayeishi kwa hofu atamtetea nani?"

Tulimzungumza Regina hadi jua lilipoanza kushuka. Hakuna aliyesema "nyumbani kwangu". Hakuna aliyemtaja jirani. Hata hivyo, kila mmoja alijua kwamba hatukuwa tena Ukerewe. Hapo ndipo nguvu ya riwaya ilipo. Jina la mhusika ni kama pazia la mlangoni: sauti hupita, na aibu ya mwenye nyumba husitiriwa. Baba yule hakukubali kwamba amekosea, wala hakuna aliyemtaka akubali. Alipoondoka alisema tu kwamba kijana yule ana hoja, ila angoje apate binti.

Ni vizuri kueleza kwamba kutokubaliana namna hiyo si kasoro ya mkutano. Mkutano ambao wote wanasema kitabu ni kizuri humalizika baada ya robo saa, na watu huanza kuzungumzia bei ya mahindi. Riwaya nzuri huwagawa wasomaji, kisha huwalazimisha kurudi katika kurasa zake kutafuta ushahidi. Katika kurudi huko, mtu hujifunza kumsikiliza mpinzani wake hadi mwisho, jambo ambalo ni adimu katika vikao vyetu vingine.

Si jambo geni nchini

Wako wanaodhani kwamba vikundi vya kusoma na kujadiliana ni mtindo wa wageni. Wazee wetu watakumbuka vinginevyo. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi cha redio, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Na kabla ya redio na vitabu, jioni zetu zilikuwa na paukwa na pakawa, ambapo hadithi haikuwa ya msimulizi peke yake, kwa sababu asipoitikiwa haendelei.

Kikundi cha riwaya kimerithi mambo hayo mawili, yaani kusoma kwa pamoja na kuitikia. Tofauti iko mwishoni. Kijitabu cha afya kilimalizika kwa agizo. Riwaya haina agizo. Haikwambii uchimbe choo wala umwache mume. Inakuonyesha watu, inakuacha uhukumu, na baadaye inakufanya uitilie shaka hukumu yako. Mtu aliyezoea kuagizwa huona jambo hilo geni kwa mikutano miwili mitatu. Akishalizoea, hulidai.

Namna ya kuanza

Kikundi cha wasomaji hakihitaji katiba wala usajili ili watu waketi na kuzungumza. Kinachohitajika ni watu, mahali, kitabu na utaratibu.

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakipungua sana, mmoja akiugua mkutano umekufa. Wakizidi sana, wapole hawapati nafasi ya kusema. Inafaa wawe wa rika na kazi mbalimbali, wanawake kwa wanaume. Saa ya kukutana ichaguliwe kwa kuwafikiria walio na kazi nyingi nyumbani, ili kila mtu arejee kwake kabla ya giza. Mahali panaweza kuwa maktaba, darasa la shule ya msingi baada ya masomo, au ofisi ya kijiji kwa makubaliano na mtendaji.

Kitabu cha kwanza kisiwe kirefu wala kigumu kupita kiasi. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inafaa. Ni fupi, nayo imejengwa kama kesi: Karama ameshitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali ili kuinufaisha nchi, kisha wakarudi wakaadhibiwa. Kikundi kipya hakikosi la kusema juu ya hilo. Kwa nini mwandishi aliyeishi chini ya serikali ya kikoloni alichagua nchi ya kufikirika? Je, mjumbe anayerudi na habari njema huogopwa na nani? Kinyume chake, Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, isiwadanganye kwa wembamba wake. Ni kitabu cha kusomwa na kikundi kilichokwisha kukomaa.

Baada ya miezi michache kikundi kinaweza kuijaribu Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, inayomhusu Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa. Inaweza pia kusoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yusuf, mtoto katika riwaya hiyo, anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Wazazi wanaofikiria kumpeleka mtoto mjini kwa mtu wasiyemjua vizuri watapata mengi ya kutafakari.

Nakala zikiwa chache, jambo ambalo ni la kawaida, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kugawana kwa zamu, kila mmoja akikaa na kitabu kwa siku zilizokubaliwa. Ya pili ni kusoma kwa sauti mkutanoni, sura kwa sura. Njia hii ya pili ina baraka zake: aliyesahau miwani, anayesoma kwa shida na asiyejua kusoma kabisa wote wanaingia katika mazungumzo wakiwa sawa na wengine. Kutoa nakala ya kitabu kizima kwa mashine hakufai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi, na mwandishi asipopata riziki yake hatutapata kitabu kingine.

Mkutano uongozwe na mtu mmoja kwa zamu. Kazi yake si kufundisha. Aje na maswali matatu au manne yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na kila mtu anapotoa dai amwombe kwa upole: "Tuonyeshe ukurasa." Maneno hayo mawili yameokoa mikutano mingi isigeuke kuwa ugomvi, kwa sababu humrudisha mzungumzaji kitabuni na kumwondoa usoni pa mwenzake.

Mipaka ya kikundi

Tumejifunza pia kuweka mipaka. Tunamsema mhusika wala hatumsemi jirani. Lililosemwa chumbani halipelekwi gulioni. Riwaya zenye mambo ya watu wazima hazisomwi pamoja na watoto wadogo, na mwanachama asiyetaka kulizungumzia jambo fulani halazimishwi.

Zaidi ya hayo, kikundi cha wasomaji si baraza la usuluhishi, wala si zahanati. Huenda mtu, katikati ya mazungumzo, akasema jambo linaloonyesha kwamba yeye au mtoto anadhurika kweli. Hapo riwaya huwekwa kando. Mtu huyo aelekezwe, kwa faragha na bila kelele, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kitabu kinaweza kumsaidia mtu kupata maneno ya kusema. Baada ya maneno hayo kusemwa, zipo huduma zilizowekwa kwa ajili yake, na ni haki yake kuzitumia.

Kuhusu kurudisha vitabu

Mkazi anayetaka kujiunga afike maktaba siku za mikutano. Walio mbali waonane na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao, ili washauriane kuhusu mahali pa kukutania. Hakuna ada. Sharti letu kubwa ni moja tu: kitabu kirudi kwa siku iliyoandikwa, kwa maana nyuma ya kila nakala kuna mtu anayeingoja.

Sharti hilo limevunjwa mara moja. Baada ya mazungumzo tuliyoyaeleza hapo juu, nakala moja ya Rosa Mistika ilichelewa majuma mawili. Aliyekuwa ameiazima ni yule baba mwenye mabinti watatu. Alipoileta, jalada lilikuwa limekunjika na kurasa kadhaa zilikuwa na alama za vidole vya unga. Mtunza maktaba alimwuliza, kama ilivyo kazi yake, kwa nini amechelewa, na yeye je, hakuwa amekwisha kukisoma.

"Mimi nilikwisha kukimaliza," alijibu. "Kilikuwa kikisomwa nyumbani."

Hakusema kilikuwa kikisomwa na nani, nasi hatukumwuliza. Jumamosi iliyofuata alifika mapema, akaketi karibu na kijana wa bodaboda, akaomba kitabu kinachofuata kianzwe.